Thamani na Samani: Kubana Video kwa Simu za Wanafunzi wa Masoro

Walimu wengi wa Kiswahili niliozungumza nao huihesabu kazi ya kugeuza video ili zipate kuchezwa katika simu ya mkononi kuwa ni kazi ya fundi, wala si ya mwalimu. Mwalimu hurekodi somo lake, au hununua filamu ifaayo, kisha humkabidhi kijana wa kibandani. Kijana naye huirudisha ikiwa ndogo na nyepesi, tayari kutiwa katika kadi za kumbukumbu za wanafunzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo ni ya mwalimu kwanza, na ya fundi baadaye. Katika kuibana video huwa kuna uamuzi unaopitishwa juu ya lugha yenyewe, yaani sauti zipi za Kiswahili zimfikie mwanafunzi na zipi zitupwe njiani, na aghalabu uamuzi huo hupitishwa na mtu asiyejua kuwa anaupitisha.

Hapana budi nieleze mahali penyewe, maana wasomaji wengi wa Tanzania na Kenya huenda hawapajui. Masoro ipo upande wa mashariki wa jiji la Kigali, katika sekta ya Ndera, wilaya ya Gasabo. (Ipo Masoro nyingine katika wilaya ya Rulindo, kaskazini, hiyo siyo niisemayo.) Hapo ndipo lilipo Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali. Kiwanda cha Volkswagen kilifunguliwa hapo mwaka 2018, kiwanda cha simu za Mara kikafunguliwa Oktoba 2019, na mwezi huohuo ikazinduliwa bandari kavu ya kampuni ya DP World, ambako malori yatokayo Dar es Salaam kwa njia ya Rusumo, na yale yatokayo Mombasa kwa kupitia Uganda, hushusha makontena yao. Dereva aliyekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam hazungumzi Kinyarwanda wala Kifaransa, na Kiingereza chake, ikiwa anacho, hukiweka akiba kwa ajili ya makaratasi. Lugha anayoshuka nayo garini ni Kiswahili.

Kwa hiyo Kiswahili kina kazi Masoro. Zamani mjini Kigali lugha hii ilinasibishwa na Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya wafanyabiashara na Waislamu, na wapo wazazi ambao hawakupenda watoto wao waijue sana. Mambo yamebadilika. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwezi wa Februari 2017 Bunge lake lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lakini wanafunzi wangu hawakuja darasani kwa sababu ya sheria. Wamekuja kwa sababu ya malori.

Darasa hukutana Jumamosi alasiri katika chumba cha kupanga. Wamo mabinti wanaoshona nguo viwandani, makarani wa maghala, walinzi wawili, na mzee mmoja mwenye teksi ambaye Kiswahili chake cha kwanza alikiokota Bukavu na ambaye hunisahihisha kila nisemapo jambo lisilolingana na Bukavu. Saa mbili kwa juma hazitoshi kumfundisha mtu lugha. Yaliyobaki hujifunza wenyewe, wakati wa chakula cha mchana, au katika basi la jioni, kwa kutazama video katika simu zao. Kutazama kwa mtandao hugharimu bando, na mshahara wa mshonaji hauruhusu bando la kila siku. Ndiyo maana tunazitia video ndani ya kadi. Baadhi yao wana simu kubwa za kugusa. Wengine wana simu ndogo za vitufe, zile ambazo Tanzania huitwa vitochi, zenye kioo cha nukta 240 kwa 320. Video inayofaa kwa darasa zima ni ile itakayochezeka katika simu iliyo duni kuliko zote.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike.

Mwanafunzi wangu mmoja, karani katika ghala moja, alipigiwa simu na dereva Mtanzania aliyekuwa amezuiliwa mpakani Rusumo. Dereva akamwambia, “Ndugu yangu, hebu nitazamie katika karatasi zako, thamani ya mzigo wangu imeandikwa dola ngapi?” Karani akajibu kwa adabu zote, “Kaka, mzigo wako ni sabuni. Samani hamna.” Dereva akarudia swali, karani akarudia jibu. Dereva akapaza sauti, na karani, akidhani anatuhumiwa kuiba meza na viti, akapaza yake. Siku ile dereva alilala Rusumo.

Jumamosi iliyofuata karani alitueleza habari hii, na darasa likacheka, naye mwenyewe akacheka. Lakini mimi nilitaka kujua jambo moja. Neno “thamani” nililifundisha ubaoni, na yeye alikuwa ameliandika daftarini kwa hati safi. Nikamwuliza kama amewahi kulisikia nje ya darasa. Akasema, “Ndiyo, Mwalimu, lipo katika ile video ya sokoni. Lakini mle wanasema samani.” Nikaichukua simu yake nikasikiliza. Mwenzangu wa Zanzibar, aliyetutengenezea video ile, hutamka “th” kama inavyotakiwa, ulimi ukigusa meno. Katika simu ile “th” yake haikuwapo. Palikuwa na pumzi fulani, yenye ukungu, ambayo ungeweza kuiita “s”, au “f”, au “th”, kadiri upendavyo. Nikarudi nyumbani nikaisikiliza nakala ya asili katika kompyuta. “Th” ilikuwa pale pale, safi kama sarafu mpya.

Hapa yafaa nieleze mitambo inavyofanya kazi, nami nitatumia mfano wa Masoro yenyewe, maana ni mfano uliotangulia kuwapo kabla yangu: hata mafundi wenyewe huliita faili la video kontena. Kontena lipitalo barabarani mbele ya darasa letu halikwambii kilichomo. Mawili yaliyo sawa kwa urefu na rangi, moja laweza kuwa na saruji na jingine vitenge. Jina la faili linaloishia kwa MP4, au 3GP, au AVI, ni jina la kontena tu. Ndani yake mna shehena mbili, picha na sauti, na kila moja imefungwa kwa ufundi wake, ambao huitwa kodeki. Simu yaweza kulifungua kontena na bado isijue namna ya kufungua mizigo iliyomo. Ndipo mwanafunzi anapolalamika, “Mwalimu, naona picha lakini sauti haitoki,” au anapoona kioo cheusi na kusikia watu wakizungumza gizani. Kugeuza video, basi, kwaweza kuwa kazi mbili zilizo mbali kabisa. Ya kwanza ni kuhamisha mizigo kutoka kontena moja kwenda jingine bila kuifungua, kazi ya dakika moja isiyoharibu chochote. Ya pili ni kuifungua mizigo na kuifunga upya kwa namna nyingine, na hapa kila mara kitu hupotea. Kwa simu ndogo aghalabu hapana njia ila hii ya pili.

Hupotea kiasi gani? Diski ya DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, picha yake, kwa kipimo kitumikacho Afrika Mashariki, ni nukta 720 kwa 576, na hubadilika mara 25 kwa sekunde. Kioo cha kitochi hakina haja ya nukta zote hizo, na kuzitupa si dhambi. Tatizo linaanza kwenye sauti. Mpangilio ambao vijana wa vibandani wameuzoea tangu siku za simu za kwanza zenye video ni 3GP, na ndani yake sauti hufungwa kwa mtindo wa AMR. Mtindo huu ulibuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, nao kwa kazi hiyo ni hodari sana: hutumia kilobiti 12.2 tu kwa sekunde. Lakini huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kanuni ya hesabu husema kwamba kipimo hicho hakiwezi kubeba mtetemo wowote unaozidi 4,000 kwa sekunde. Yote yaliyo juu ya hapo hukatwa.

Na ni nini kilicho juu ya hapo? Si irabu; irabu tano za Kiswahili hupita salama. Si “m” wala “n”. Kilicho juu ni vikwamizo. Nguvu kubwa ya “s” ipo juu ya mitetemo 4,000. “Th” na “f” ni pumzi hafifu iliyotapakaa hadi juu kabisa. Ukizikata hapo, “s” hubaki na mkia wake tu, na mkia huo hufanana na “f” na “th”. Kwa sababu hiyo watu wakitajiana majina kwa simu hulazimika kusema “f kama Fatuma, s kama Salama”. Kwa Kiswahili hasara hii si ndogo: thamani na samani, dhana na zana, futa na suta. Mwenye kuambiwa “mfute” na akasikia “msute” atakwenda kugombana na mtu asiye na kosa.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu wa Rwanda hana budi kulitia akilini. Kinyarwanda hakina “th” wala “dh”. Mwanafunzi wangu hakuzaliwa nazo. Lazima azisikie mara nyingi, kwa uwazi, kabla ulimi wake haujajua pa kwenda. Mswahili wa Tanga angeisikiliza video ile iliyobanwa asipate taabu yoyote, kwa kuwa neno tayari analo kichwani, na sikio lake hujaza lililopungua bila yeye kujua. Ndiyo sababu walimu tunaozijaribu video hizi kabla ya kuzigawa husema kuwa ziko sawa. Tunazisikia kwa kumbukumbu zetu. Mwanafunzi hana cha kujazia. Ampewacho ndicho Kiswahili chote kilichopo.

Ajabu ni kwamba “l” na “r”, ambazo ndizo huwapa wanafunzi wa hapa taabu kubwa kuliko zote (nimekwisha kusikia kijana akisema anatafuta mahari pa kukaa), huponea. Tofauti yao ipo chini, katika mitetemo ambayo AMR huibeba. Nilipowachezea darasa maneno kadhaa kutoka katika video iliyobanwa na kuwataka wayaandike, waliojitahidi waliandika “mahali” na “mahari” kwa usahihi, na karibu wote wakaandika “samani” mara mbili. Nilipowachezea maneno yaleyale kutoka nakala ya asili, wengi waliandika “thamani” pale ilipostahili, hata wale ambao bado hawawezi kuitamka. Masikio yao hayakuwa na ila yoyote.

Nilikwenda kibandani. Kijana wa pale ni mtu mwema na mwepesi wa kujifunza, na huniita Mwalimu ingawa hajawahi kuingia darasani kwangu. Nilipomweleza shida yangu akacheka. “Mwalimu,” akasema, “watu hutazama picha. Sauti ya simu itabaki sauti ya simu.” Nikamwambia, “Mdogo wangu, hawa wangu hawatazami. Hawa wanasikiliza, na picha ni ya kuwazuia wasilale.” Tukakaa na kompyuta yake, tukafanya hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii, nami naomba msomaji asiiruke, kwa maana ndiyo kiini cha maneno yangu. Video ya dakika 25 ina sekunde 1,500. Kwa mpangilio wake wa kawaida kijana aliipa picha kilobiti 250 kwa sekunde na sauti 12.2, jumla 262.2. Zidisha kwa 1,500, gawa kwa 8, unapata megabaiti 49 na kidogo. Nikamwomba aipunguzie picha hadi 200, na sauti aifunge kwa mtindo wa AAC kwa kilobiti 64. Jumla 264. Faili likatoka megabaiti 49.5. Tofauti ya ukubwa ni kama theluthi moja ya megabaiti, ambayo hakuna kadi itakayoihisi. Picha ilikuwa imepoteza sehemu moja katika tano ya chakula chake, na katika kioo cha kiganjani hasara hiyo haikuonekana ila kwa mtu aliyeambiwa aitafute. Sauti ilikuwa imepata zaidi ya mara tano ya ilichokuwa nacho. Na “th” ya Zanzibar ikarudi.

Mambo mengine tuliyoyaamua nitayapitia kwa haraka. Tulipunguza idadi ya picha kutoka 25 hadi 15 kwa sekunde, jambo lisilodhuru pale mtu anapozungumza akiwa amekaa. Tulitumia kontena la MP4 na kodeki ya H.264 ya daraja la chini, lile liitwalo Baseline, ambalo simu nyingi za vitufe zilizopo darasani kwetu hulikubali; kwa simu mbili zilizokataa tulirudi kwenye MPEG-4 ya zamani. Tulihakikisha kwamba picha pana haivutwi ikajaza kioo, kwa kuwa mtu mwenye uso uliovutwa kwenda juu huwachekesha wanafunzi, na mwanafunzi anayecheka hasikii. Programu tuliyoitumia ni FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard. Ni huria na haidai malipo, ila haina vitufe vya kubonyeza na huhitaji mtu aandike amri kwa mkono. Kijana aliipenda kuliko mimi.

Katika suala la picha, hata hivyo, palitokea jambo nisilolitarajia, nalo nitalieleza kwa urefu kidogo. Video ya mwenzangu wa Zanzibar ilipigwa kwa mbali, yeye akiwa amesimama karibu na ubao mzima. Ikibanwa hadi nukta 320 kwa 240, ubao hausomeki hata hivyo, na mdomo wa mwalimu huwa doa tu. Tukajaribu kuikata pembeni kabla ya kuibana, tukabakisha uso na mabega. Basi kwa kilobiti zilezile 200 mdomo ukaonekana, na meno, na ncha ya ulimi ikitokeza katika “th”, na meno ya juu yakigusa mdomo wa chini katika “f”. Sauti tatu ambazo sikio huzichanganya upesi, jicho huzitenganisha bila shida yoyote. Tangu hapo nimewaomba wenzangu wanaonirekodia wasisimame mbali, wala wasinionyeshe ubao. Ubao tunao.

Kadhalika palikuwa na suala la masikio mawili. Mabinti wa kiwandani hushirikiana spika za masikioni, mmoja sikio la kulia na mwenzake la kushoto, jambo la kawaida kwa marafiki. Mojawapo ya video tulizoletewa ilikuwa mazungumzo kati ya muuzaji na mnunuzi, iliyorekodiwa kwa vinasa sauti viwili, muuzaji upande mmoja na mnunuzi upande mwingine. Baada ya juma moja niligundua kwamba binti mmoja anajua maswali yote na hajui jibu hata moja, na rafiki yake anajua majibu yote wala hajui yameulizwa nini. Dawa yake ni kuunganisha pande mbili kuwa moja wakati wa kubana. Na kwa kuwa sauti moja huhitaji nafasi ndogo kuliko mbili, kilobiti zile 64 zikatosha vizuri zaidi.

Huenda msomaji akadhani kwamba kuitanguliza sauti mbele ya picha ni kichaa cha mwalimu wa lugha. Sivyo. Watu wetu walikwisha kulijua jambo hili katika vibanda vya video, miaka mingi kabla ya simu hizi. Mjini Dar es Salaam Lufufu alijipatia jina kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Mjini Kampala wapo mavijei wafanyao hivyo kwa Kiganda. Na hapa Kigali filamu za namna hiyo huitwa agasobanuye, na msimulizi wake aliyevuma sana, Yanga, aliyefariki mwaka 2022, alijulikana kwa sauti kuliko waigizaji walivyojulikana kwa sura. Kanda hizo zilikuwa nakala ya nakala, picha imechakaa, rangi zimekimbia, na watu walijaa vibandani kuzitazama. Msimulizi aliishusha sauti ya filamu, akaiweka yake juu. Picha mbaya watu waliivumilia kwa miaka. Lakini siku sauti ya msimulizi ilipokatika, mwenye kibanda alirudisha fedha.

Nikitaja nakala ya nakala, nimegusa ugonjwa mwingine. Mwanafunzi aliyepata video njema humtumia mwenzake kwa programu za kutumiana ujumbe, na programu hizo huibana tena kabla ya kuituma. Mwenzake humtumia wa tatu, nayo hubanwa mara ya tatu. Kilichokwisha kutupwa hakirudi, na kila mkono huongeza utupaji wake. Nimewafundisha kupeana kwa Bluetooth, au kwa kuhamisha kadi yenyewe, ambako faili hupita kama lilivyo. Nakala ya asili naiweka mimi, bila kubanwa, na kila video mpya hutengenezwa kutoka kwenye hiyo. Na nigawazo ni masomo tuliyoyarekodi wenyewe. Filamu za Tanzania, ambazo wanafunzi huzipenda mno, nawaambia wanunue. Watu waliozitengeneza wana haki yao, na sitaki mtu aseme kwamba darasa la Kiswahili ndilo duka la wizi.

Kwa kuwa taarifa hii husomwa na watu wanaojali istilahi, nitasema neno moja juu ya maneno. Kwa kile kifaa cha mezani tuna “kompyuta”, na tuna “tarakilishi” ambayo wenzetu wa Kenya huitumia shuleni. Kwa simu tuna “simu ya mkononi”, “ya kiganjani”, na “rununu”. Sina ugomvi na lolote. Lakini kwa kitendo hiki cha kuipunguza video nimesikia “kubana”, “kufinyaza”, “kupunguza”, na hata “kukomperesi”, ambalo linanikera. Mimi hutumia “kubana”, kwa sababu kijana wa kibandani hulielewa papo hapo. Mzee wangu mwenye teksi hakubaliani nami. Yeye anasema kubana ni kukifanya kitu kichukue nafasi ndogo na kitoke kizima, kama nguo sandukuni, ilhali video haitoki nzima. Angependa tuseme “kusindika”, kama ufuta unavyosindikwa kinuni, mafuta yakachukuliwa na mashudu yakatupwa. Nimejaribu kumpinga sijaweza. Neno lake lina fadhila moja kubwa: humlazimisha mwenye kinu kusema mapema kipi ni mafuta na kipi ni mashudu. Wenye dhamana ya istilahi na wapime.

Mpangilio ule wa kilobiti 200 na 64 kijana ameuhifadhi katika kompyuta yake kwa jina la “Mwalimu”. Siku moja, kwa haraka za jioni, aliutumia kumbania mteja mwingine mpira wa miguu. Mteja akarudi kesho yake akiwa amekasirika: anawasikia mashabiki kana kwamba yumo uwanjani, lakini mpira wenyewe hauoni. Naye alikuwa na haki. Mpira ni kitu kidogo chenye mwendo wa kasi, na picha 15 kwa sekunde huufanya uruke kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila kupita katikati. Sasa kijana huuliza kwanza, “Ni ya kutazama au ya kusikiliza?” Tangu nianze kwenda kwake sijasikia fundi mwingine akiuliza hivyo.

Mwenzangu mmoja wa Nyamirambo ana sanduku la kaseti za sauti na mikanda michache ya VHS, masomo na hadithi zilizorekodiwa na walimu waliomtangulia, baadhi yao marehemu. Mikanda ya namna hiyo huoza. Utepe hunata, na kila ukichezwa huacha unga wake mashineni. Ameniomba tuzitie zote katika simu za wanafunzi. Nimemwambia kwamba simu zitasubiri. Tutaanza kwa kuzinakili kwa sauti kamili, kwa kipimo cha mara 48,000 kwa sekunde, bila kubana chochote, ijapokuwa zitajaza diski nzima. Kijana wa kibandani ameahidi kutuazima mashine ya VHS ya baba yake, ikiwa bado inazunguka.